Otopailoti Haifuati Njia ya Chatiplota? Fuatilia Waya Kabla ya Kununua Kifaa

Ukibonyeza Auto, chombo kinashika mwelekeo bila taabu. Ukibonyeza Track, otopailoti, kifaa kinachoshika usukani chenyewe, inalia na kuandika NO DATA, au inageuza usukani kuelekea usikokutaka. Chatiplota, skrini ya ramani na GPS, iko mbele yako, ramani inaonekana, njia imechorwa, GPS imeshika satelaiti. Vifaa vyote viwili ni vizima, ila havisemezani.

Tatizo ni lilelile kwenye mashua ya kuvulia nduaro Watamu na kwenye yoti iliyotia nanga Kilifi au Tanga, na ushauri wa haraka nao ni uleule: kifaa kimekufa, agiza kingine. Ushauri huo ni ghali na mara nyingi si sahihi. Kifaa chenyewe ndicho cha mwisho kushukiwa. Kabla yake kuna mipangilio ya skrini, umeme, waya, na lugha ambayo vifaa vinaongea. Yote hayo yanapimika kwa multimita ya kawaida, taa moja ndogo ya LED na, ukibanwa sana, kompyuta ya mkononi.

Tenganisha kwanza kazi mbili za otopailoti

Kwenye Auto, otopailoti inafuata dira yake yenyewe ya umeme. Haihitaji chatiplota hata kidogo. Kwenye Track bado inaitumia dira hiyo, lakini chatiplota ndiyo inayoiambia chombo kiko umbali gani nje ya mstari, upande gani, na wepointi (alama ya mahali pa kufikia) inayofuata iko wapi.

Kwa hiyo toka kwenye maji mapana, weka Auto, uiache dakika tano. Chombo kikienda sawasawa, basi dira, mota na kompyuta ya otopailoti ni vizima, na kilichobaki kuchunguzwa ni mazungumzo. Kikiyumba kama mlevi hata kwenye Auto, acha nyaya za data kwanza. Angalia kama kuna spika, bisibisi au kopo la chuma karibu na dira, kama nyaya za usukani zimelegea, na kama mpangilio wa nguvu ya kurekebisha umepandishwa kupita kiasi. Dira iliyowekewa spika ubavuni haiponi kwa kubadilisha plagi za data.

Safari lazima iwe hai

Kosa linaloongoza halihitaji hata bisibisi. Kuchora njia kwenye ramani hakutoshi. Chatiplota haitumi taarifa za kuongoza mpaka uiamuru: uguse wepointi au njia, kisha uchague Go To au Follow. Kabla ya hapo inatangaza mahali ulipo na kasi yako tu, na otopailoti haina cha kufuata. Hakikisha pia haikuachwa kwenye hali ya mazoezi, ile inayoonyesha safari ya kubuni. Katika hali hiyo chatiplota nyingine hazitoi chochote kwenye waya, na nyingine hutoa mahali pa uongo, ambalo ni baya zaidi.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya mawasiliano. Bandari ya data iwe imewekwa NMEA 0183, lugha ya pamoja ya vifaa vya baharini, si lugha ya kampuni, na kasi iwe biti 4800 kwa sekunde. Baada ya kusasisha programu au kurudisha mipangilio ya kiwandani, bandari hiyo mara nyingi hurudi ilivyokuwa siku ya kwanza, na mtu anaanza kufungua kuta za chombo kumbe ni mstari mmoja wa menyu.

Kengele mbili huchanganywa na kukatika kwa data. Otopailoti nyingi, kwa ajili ya usalama, hazipigi kona zenyewe zikifika wepointi. Zinalia na kusubiri ubonyeze Track tena kuikubali kona. Ya pili ni LARGE XTE (XTE ni umbali nje ya mstari) kwenye otopailoti za Raymarine, inayolia ukiwa nje ya mstari kwa zaidi ya maili 0.3 za baharini, kama mita 555. Ukiiona hiyo, data inafika vizuri kabisa. Anzisha Go To upya ili mstari uanzie pale ulipo.

Umeme upimwe mota ikisukuma

Usipime kwenye betri, huko utakuta 12.6 na kurudi umeridhika. Pima pale waya unapoingia kwenye kompyuta ya otopailoti, huku mwenzako akibonyeza vitufe vya digrii 10 kushoto na kulia ili mota ifanye kazi kweli.

Tuseme mota inakula ampea 10, na kutoka betri hadi otopailoti ni mita 6, yaani mita 12 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 utapoteza karibu volti 0.83 njiani. Wa milimita za mraba 6 utapoteza 0.34. Kwa vifaa vya kuongozea chombo, lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 3, ambayo kwa volti 12 ni 0.36. Hesabu hiyo ni ya waya mpya. Ongeza fyuzi yenye kutu, swichi iliyochoka na kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa solotepu, uone volti zinavyoshuka kila usukani unapogeuka. Kompyuta inazimika kwa nusu sekunde na kuwaka tena, na ikiwaka imeshatoka kwenye Track. Nahodha anaona NO DATA, lawama zinaenda kwenye waya wa data usio na kosa.

Chumvi haina huruma. Kata ganda la waya kidogo uangalie shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata kurudi nyuma mpaka uione inang'aa, ndipo ubane kiungio kipya na kukifunika kwa mpira wa joto wenye gundi ndani. Waya wa shaba iliyopakwa bati ni ghali kidogo, lakini kwenye chombo cha baharini ndio unaostahili.

NMEA 0183: nani anasema, nani anasikiliza

Mfumo huu ulianza 1983 na bado ndio unaounganisha otopailoti nyingi za zamani. Kanuni yake ni moja: msemaji mmoja, wasikilizaji kadhaa. Nyaya za kutuma za chatiplota ziingie kwenye nyaya za kusikilizia za otopailoti. Ukiunganisha kutuma kwa kutuma, vyote viwili vinasema na hakuna anayesikia.

Rangi ni mtego. Kwenye kebo nyingi za chatiplota za Garmin, bluu ni kutuma A, kijivu ni kutuma B, kahawia ni kusikiliza A na zambarau ni kusikiliza B. Kwenye kebo nyingi za Raymarine, njano ni kutuma chanya, kahawia ni kutuma hasi, nyeupe ni kusikiliza chanya na kijani ni kusikiliza hasi. Ona kahawia ilivyo: huku inasikiliza, kule inatuma. Anayeunganisha rangi kwa rangi ataishia gizani. Fungua kitabu cha kifaa chako hasa, kwa namba yake ya modeli, ndipo ushike koleo.

Toleo la 2.0 la mwaka 1992 lilileta jozi ya A na B. Vifaa vya kabla ya hapo hutuma kwa waya mmoja na kurudishia kwenye hasi ya betri. Jozi kwa jozi ni rahisi: A kwa A, B kwa B. Msemaji wa waya mmoja akiongea na msikilizaji wa jozi, waya wake unaingia A na hasi ya msemaji inaingia B. Kinyume chake ndiko wengi wanakoharibu: msemaji wa jozi akiongea na msikilizaji wa waya mmoja, tumia A peke yake, iache B ikiwa imefunikwa bila kuguswa na kitu, na hakikisha hasi za vifaa vyote viwili zimeungana. Ukiipeleka B kwenye hasi ya betri unalazimisha saketi ya kutuma kubeba mzigo usio wake, na inaweza kuungua.

Baadhi ya watengenezaji wamezigeuza A na B kwenye maandishi yao. Kama kila kitu kiko sawa na bado kimya, zibadilishe kwenye upande wa msikilizaji ujaribu tena.

Sasa ile taa ya LED. Chukua LED nyekundu na rezista ya omu 1,000, vishikanishe kwa mfululizo. Mguu mrefu wa LED uelekee A ya chatiplota, mguu mfupi uelekee B, au hasi ya betri kama ni kifaa cha waya mmoja. Washa chatiplota. Data ikitoka, taa inameta kwa mafungu, mara moja hivi kila sekunde, kama moyo unaodunda. Ikiwaka moja kwa moja na kupepesuka kidogo tu, umeigeuza jozi, kwa kuwa B ndiyo iliyo juu msemaji anaponyamaza. Ikizima kabisa, rudi kwenye menyu, maana hakuna kinachotoka. Kisha hamishia taa hiyo mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye otopailoti. Ikimeta kwenye chatiplota na kufa huku, umeshajua waya umekatika katikati.

Usiunganishe wasemaji wawili kwenye msikilizaji mmoja. GPS ya zamani na chatiplota mpya zikikutanishwa kwenye waya mmoja zinavurugana, na otopailoti inapokea takataka. Ukihitaji vyote viwili, nunua kichanganyishi cha data kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Na ukikinunua, kumbuka kasi: 4800 ni herufi 480 tu kwa sekunde, na sentensi moja inaweza kufika herufi 82. Hazitoshi hata sentensi ndefu sita kwa sekunde. AIS, mfumo wa vyombo kutangaziana mahali vilipo, inakwenda kwa 38400. Ukiimwaga yote kwenye bomba la 4800, sentensi za otopailoti zinachelewa au zinadondoka. Zima kwenye menyu sentensi zisizohitajika, kama zile za orodha ya satelaiti.

Soma sentensi yenyewe

Kama taa inameta na otopailoti bado haielewi, sikiliza kinachosemwa. Unganisha kompyuta ya mkononi kwa kiunganishi cha USB cha RS-422 (kinachosoma jozi ya A na B), kasi 4800, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. OpenCPN ni programu ya ramani ya bure na ina dirisha la kuonyesha sentensi zinazoingia. Utafute mstari wa namna hii:

$GPAPB,A,A,0.10,R,N,V,V,195,M,CHUMBE,197,M,200,M*2E

APB ndiyo sentensi ambayo otopailoti nyingi huipenda, kwa sababu imebeba kila kitu. A mbili za mwanzo zinasema data ni halali. Ikitokea V mahali pake, chatiplota yenyewe haiiamini data yake, na otopailoti itakataa kwa haki. 0.10,R,N maana yake chombo kiko nje ya mstari kwa sehemu ya kumi ya maili ya baharini, geuza kulia. V mbili zinazofuata zinasema bado hujafika wepointi wala hujaipita. 195,M ni mwelekeo wa mstari mzima kutoka ulikoanzia, kwa kipimo cha sumaku. CHUMBE ni jina la wepointi, 197 ni mwelekeo kutoka hapo ulipo, na 200 ndio unaotakiwa kushikwa. 2E baada ya nyota ni hesabu ya uhakiki wa herufi zote za katikati. Hesabu hiyo isipolingana kwenye sentensi nyingi, tafuta kiungio kibovu au waya wa data uliolala pamoja na waya wa mota.

Ukiona RMC (mahali na kasi) tu bila sentensi za kuongoza APB, RMB wala XTE, rudi kwenye Go To, kisha kwenye menyu ya sentensi zinazotumwa. Otopailoti za zamani hutofautiana: nyingine zinaridhika na APB, nyingine zinataka XTE pamoja na BOD (mwelekeo wa mstari kutoka ulikoanzia), na kitabu chake kitakutajia. Majina ya wepointi yawe mafupi, herufi kubwa, bila nafasi. Vifaa vingine vya zamani hukwama kwenye jina refu, na ni kosa linaloudhi kwa sababu njia moja inafuatwa na nyingine inakataliwa.

NMEA 2000: omu 60

Kwenye chombo kipya zaidi, mfumo wa NMEA 2000 una uti wa mgongo mmoja, yaani kebo kuu, wenye viungio vya T, na kila kifaa kinaning'inia kwa tawi lake. Zima umeme wote wa mtandao. Weka multimita kwenye omu, gusa waya mweupe na wa bluu kwenye plagi yoyote iliyo wazi. Unataka takriban 60. Ukipata 120, taminata (rezista ya kufunga ncha ya uti) moja haipo au imelegea, au uti umekatika mahali. Ukipata 40, kuna aliyeongeza ya tatu. Taminata ni mbili tu, za omu 120 kila moja, kwenye ncha mbili za uti. Haziwekwi kwenye matawi.

Washa umeme, pima nyekundu kwa nyeusi kwenye tawi la mbali zaidi. Vifaa vya mfumo huu vinatakiwa kufanya kazi kati ya volti 9 na 16, lakini ukiona 10 na ushei wakati betri ina 12.6, kuna kiungio kinachokula umeme. Mweupe na bluu, kila mmoja ukipimwa na mweusi, husoma karibu 2.5, mweupe ukiwa juu kidogo. Mmoja ukisoma sifuri, umegusana na hasi.

Tawi lisizidi mita 6. Uti ulishwe umeme mahali pamoja, kwa fyuzi yake. Makosa yanayorudiwa ni kuunganisha matawi kwa mnyororo, kifaa kwa kifaa, mpaka hakuna uti wowote, na kulisha umeme pande mbili.

Waya ukiwa salama, ingia kwenye orodha ya vifaa ya chatiplota. Otopailoti isipoonekana humo, hakuna haja ya kusumbua menyu nyingine. Nenda kwenye tawi lake. Ikionekana, ujumbe unaohusika ni namba 129283 wa umbali nje ya mstari, 129284 wa safari na 129285 wa njia na wepointi. Kurudi kwa chatiplota unatazamia 127250, mwelekeo wa dira. Ukiwa na antena mbili za GPS au chatiplota mbili, chagua chanzo kimoja kwa mkono kwenye menyu ya vyanzo vya data. Vikigombana, njia inaruka na otopailoti inaruka nayo.

Kuna jambo huwakatisha watu tamaa bure. Ujumbe huo wa kuongoza ni wa wote, lakini kitufe cha kuiwasha otopailoti kutoka kwenye skrini kwa kawaida kinafanya kazi kati ya vifaa vya kampuni moja. Chatiplota ya kampuni nyingine inaweza kuiongoza otopailoti yako vizuri sana bila kuonyesha kitufe hicho. Utaiwasha kwa vitufe vyake yenyewe.

Raymarine za zamani zina SeaTalk, lugha ya data ya kampuni hiyo, ya nyaya tatu: nyekundu ya umeme, njano ya data, na ganda la hasi. Haiungwi moja kwa moja na NMEA 2000, inahitaji kibadilishi chake. Waya mwekundu usilishwe kutoka sehemu mbili, kwa otopailoti na kwa swichi, kwa wakati mmoja.

Data inafika, lakini chombo kinapinda

Auto imenyooka, Track inakata nyoka. Angalia idadi ya tarakimu za XTE. Tarakimu mbili baada ya nukta ni hatua za maili 0.01, mita 18.5. Otopailoti haijui kama umetoka mita 3 au 8, inangoja hatua ya pili ndipo inashtuka na kugeuza kwa nguvu. Tarakimu tatu ni hatua za mita 1.85. Chatiplota kadhaa zina mpangilio huo, ubadilishe kama otopailoti yako inakubali.

Chombo kikishika mwelekeo wenye tofauti ileile siku zote, kimoja kinasema kaskazini ya kweli na kingine ya sumaku. Pwani ya Kenya na Tanzania tofauti hiyo ni ndogo, ndiyo maana kosa linajificha hadi siku chombo kinapopelekwa mbali. Weka vyote viwili kwenye sumaku.

Usukani ukitikisika kila unapobonyeza redio kusema, mawimbi ya redio yanaingia kwenye dira au kwenye data. Hamisha kebo ya antena mbali nazo, zikutane kwa msalaba tu pale zinapolazimika, na funga pete ya feraiti kwenye waya wa otopailoti karibu na kompyuta yake.

Kuijaribu baharini

Chagua maji wazi, kina cha kutosha, hakuna miamba wala mashua za wavuvi karibu. Weka wepointi maili moja au mbili mbele, anzisha Go To, elekeza omo kwake kwa mkono, shika Auto kwanza, ndipo Track. Kidole kibaki kwenye Standby, kitufe cha kurudisha usukani mkononi mwako. Kabla ya kukubali, soma mwelekeo mpya unaopendekezwa kwenye skrini. Ukitofautiana sana na unakoelekea, bonyeza Standby uulize kwa nini. Kisha toka nje ya mstari kwa makusudi, mita 100 hivi, uone kama inarudi taratibu bila kuvuka upande wa pili na kurudi tena.

Ikipita mtihani huo, andika kwenye utepe kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, bandika karibu na kiungio, na upige picha menyu ya bandari ya data: kasi, sentensi zilizowashwa, tarakimu za XTE, vyanzo vilivyochaguliwa. Programu ikisasishwa, picha hiyo ndiyo utakayoifungua kwanza.